Kipimo cha uvimbe huamua dawa ya saratani ya mapafu

WAGONJWA wawili wa saratani ya mapafu wanaweza kuwa na dalili zinazofanana, lakini dawa inayomfaa mmoja isimfae mwenzake. Tofauti hiyo hujulikana kwa kuupima uvimbe wenyewe.

Saratani hiyo imegawanyika katika makundi makuu mawili: ya seli ndogo, yenye takriban asilimia 15 ya wagonjwa, na ya seli zisizo ndogo, yenye asilimia 85 hivi. Kinyama kidogo huchukuliwa kwenye uvimbe na kupelekwa maabara. Huko, protini ya TTF-1 huashiria zaidi saratani ya seli za tezi, ilhali p40 huashiria ile ya seli bapa.

Vipimo vingine huangalia jeni. Mwaka 2004, watafiti wa Boston, Marekani, walibaini kuwa wagonjwa waliopata nafuu kubwa kwa vidonge vya gefitinib walikuwa na mabadiliko katika jeni iitwayo EGFR.

Utafiti wa IPASS uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa 1,217 wa Asia ya Mashariki, ulithibitisha hilo. Kwa wenye mabadiliko hayo, gefitinib iliuzuia ugonjwa kwa muda mrefu kuliko tibakemia. Kwa wasio nayo, matokeo yalikuwa kinyume: waliopewa vidonge hivyo ndio ambao ugonjwa wao uliendelea upesi zaidi.

Kwa hiyo, kuanza vidonge hivyo bila kipimo ni kubahatisha, na mgonjwa ndiye anayelipa kwa muda wake.