Kisu cha Mpasuaji na Saratani ya Watoto wa Uganda

Tarehe ya upasuaji katika Afrika ya Mashariki aghalabu huelezwa kwa yale ambayo kisu kiliyaweza. Habari za uvimbe wa taya na tumbo uliowapata watoto wa Uganda ni za namna nyingine, kwani humo kisu kilishindwa kwanza, kikaachwa, kisha kikarudi kwa kazi ndogo.

Mnamo mwaka 1957 Hugh Trowell, tabibu wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, alimwita mwenziwe Denis Burkitt amtazame mtoto mmoja wa kiume. Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyezaliwa mwaka 1911 na kupotewa na jicho moja utotoni, alikuwa Uganda tangu mwaka 1946. Mtoto yule alikuwa amevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto, na saratani ya kawaida haianzi mahali pane kwa mara moja. Haukupita muda mrefu, Burkitt akamwona katika hospitali ya Jinja mtoto wa kike mwenye uso wa namna ile ile. Alipompapasa tumbo, humo nako mlikuwa na uvimbe.

Hapo ndipo alipozirudia kumbukumbu za wagonjwa. Uvimbe wa taya ulikuwa umeandikwa mahali pamoja, na ule wa figo, ini na ovari mahali pengine, kana kwamba ni maradhi mbalimbali. Tena haukuwa ugonjwa mgeni, maana Albert Cook, mwasisi wa hospitali ya Mengo ya mwaka 1897, alikuwa ameuona uvimbe wa taya za watoto miaka mingi kabla. Kilichokosekana si macho, bali mtu wa kuziweka karatasi hizo pamoja. Mwaka 1958 Burkitt alitoa habari za watoto 38, na baadaye kidogo Greg O'Conor na Jack Davies, wachunguzi wa chembe za maradhi mjini Kampala, walionyesha kuwa ni saratani ya chembe za limfu. Leo huitwa kwa jina la Burkitt.

Kwa mpasuaji, ugonjwa huu ulikuwa huzuni tupu. Uvimbe wake huweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili. Taya likikatwa, mtoto alibaki na uso ulioharibika, na uvimbe ukarudi pale pale au ukazuka tumboni. Mitambo ya kutibu kwa mionzi haikuwako Uganda siku zile. Wengi walikufa katika miezi michache.

Mwaka 1961 Burkitt, pamoja na matabibu wenziwe Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa motokaa wiki 10 na maili zipatazo 10,000, akizuru hospitali hadi Afrika ya Kusini. Ilidhihirika kwamba ugonjwa hukaa katika nchi za joto na mvua, na nyanda za juu zimeepukana nao. Unguja na Pemba, ijapokuwa zina joto na mvua, zilikuwa na wagonjwa haba mno. Na huko malaria ilikuwa ikipigwa vita. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kuona virusi katika chembe za uvimbe zilizoletwa London kutoka Uganda. Malaria na virusi hivyo, vyote viwili huhesabiwa leo katika asili ya ugonjwa.

Nusura ilitoka kwenye dawa. Burkitt mjini Kampala na Peter Clifford mjini Nairobi, wakisaidiana na Joseph Burchenal wa Marekani, walijaribu dawa za kuua chembe, hasa saiklofosfamaidi, na uvimbe mkubwa ukayeyuka katika siku chache. Lakini Kiswahili hutenga nafuu na kupona, na hapa tofauti hiyo ilikuwa uhai na mauti: wengi waliopata nafuu walirudiwa na ugonjwa, mara nyingine katika ubongo. Kituo cha tiba kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 chini ya John Ziegler, ndicho baadaye Taasisi ya Saratani ya Uganda, kilifanya kazi ya kuwafuatilia wagonjwa, asiyeonekana asihesabiwe kuwa amepona.

Mwaka 1974 Ian Magrath na wenziwe walieleza, kutoka Kampala, kwamba watoto wenye uvimbe wa tumbo waliokatwa sehemu yake kubwa kabla ya dawa waliishi kuliko wengine. Sababu yaeleweka: chembe nyingi zikifa kwa pamoja humwaga chumvi na asidi katika damu, figo zikaziba, na mgonjwa akafa kwa wema wa dawa yenyewe. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba uvimbe unaokatika kwa urahisi huenda ulikuwa mwepesi tangu mwanzo. Maji mengi mishipani, dawa za kulinda figo na mchanganyiko wa dawa kali zaidi vilipoenea, upasuaji mkubwa ukaachwa tena. Siku hizi kisu hutumika kutwaa kipande cha kupimwa, kufungua utumbo uliozibwa au uliojiingiza ndani yake wenyewe, au kuondoa uvimbe uliokaa mahali pamoja tu pa utumbo.

Katika nchi za kitajiri watoto wapatao 9 katika 10 hupona. Katika hospitali nyingi za Afrika ya Ikweta, ulikojulikana kwanza ugonjwa wenyewe, aghalabu ni nusu au chini yake. Mtoto huletwa uvimbe umekwisha kujaa tumbo, au wazazi huishiwa nauli kabla ya dawa kutimiza zamu zake.