Maua ya Kumpelekea Mama: Habari za Mji wa Grafton

Ua lililokatwa halina siku nyingi. Toka saa ile linapoondolewa kwenye shina lake, linaishi kwa maji ya chombo tu. Likipata joto linanyauka, likitikiswa sana njiani linapukutika. Barua yaweza kungoja mwezi mzima katika mfuko wa posta, na kitambaa chaweza kungoja mwaka sandukuni, ua halingoji. Basi, wasomaji wapenzi, mtu aliye mbali afanye nini akitaka kumpelekea mama yake maua mabichi, naye mama anakaa katika mji mdogo, mbali na miji mikubwa? Watu wa Marekani na wa Ulaya walijiuliza neno hilo zamani. Jibu walilolipata liliwaletea furaha, likawaletea na ugomvi. Tutawasimulia yote mawili, maana yana mafundisho hata kwetu sisi.

Mama wa Grafton

Katika milima ya West Virginia, nchini Marekani, kuna mji mdogo uitwao Grafton. Mji huo ulikua kwa sababu ya gari la moshi, kwani njia za kampuni ya Baltimore and Ohio zilikutana hapo. Huko alikaa miaka mingi mama mmoja, jina lake Ann Reeves Jarvis. Alizaa watoto zaidi ya kumi, lakini wanne tu walifikia utu uzima. Wengine walikufa wangali wadogo, kwa magonjwa yaliyokuwa mengi siku zile. Mama huyo hakukaa akilia tu. Mwaka 1858 alianza kuwakusanya akina mama wa sehemu zile wafundishane usafi, waangalie maziwa wanayonywa watoto, wawasaidie wagonjwa. Ilipotokea vita ya wenyewe kwa wenyewe, toka 1861 hata 1865, akina mama hao waliwauguza askari wa pande zote mbili, pasipo kuuliza nani ni wa nani. Tena kwa miaka mingi mama Jarvis aliwafundisha watoto dini siku za Dominika, katika kanisa la Wametodisti liitwalo Andrews, hapo Grafton.

Mume wake alifariki mwaka 1902. Baadaye mama alihamia kwa watoto wake katika mji mkubwa wa Philadelphia, akafariki huko tarehe 9 Mei 1905.

Binti yake Anna hakutaka kazi ya mama yake isahauliwe. Aliomba iwekwe siku moja ya mwaka ambayo kila mtoto atamheshimu mama yake, awe hai au awe amekwisha kufa. Dominika ya pili ya mwezi wa Mei, tarehe 10 Mei 1908, siku hiyo ilifanyika mara ya kwanza katika kanisa lile la Grafton. Anna mwenyewe hakufika. Alikuwa Philadelphia, mbali kwa kilometa zaidi ya 400. Lakini alipeleka vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa telegramu ya kueleza maana ya siku hiyo. Cha pili kilikuwa maua meupe 500 ya karnesheni, wapewe watu watakaokuja kanisani.

Kwa nini karnesheni? Kwanza, mama yake aliyapenda kuliko maua mengine. Tena Anna alikuwa na maelezo yake: ua hilo likinyauka haliangushi majani yake ya rangi chini kama maua mengine, bali linayakunja ndani na kuyakumbatia; hivyo ndivyo mama anavyowashika watoto wake hata saa ya kufa.

Tuangalie vema vitu hivyo viwili. Maua pasipo telegramu yangekuwa pambo tu, na watu wangeuliza: Ya nini haya? Telegramu pasipo maua ingesomwa mara moja na kukunjwa. Neno na ua vilikwenda pamoja, na mji mdogo ukaelewa.

Akili ya wauza maua

Mwaka ule ule wa 1908, katika mji wa Berlin, Ujerumani, muuza maua mmoja jina lake Max Hübner alifikiri jambo jipya. Aliona kwamba maua yakipelekwa mbali kwa gari la moshi mara nyingi yanafika yamechoka. Akasema: Kwa nini tusafirishe maua? Tupeleke neno tu! Mteja akija dukani Berlin na kutaka maua yafike kwa ndugu yake katika mji mwingine, Hübner anamwandikia mwenzake muuza maua wa mji ule. Huyo anachukua maua ya dukani mwake, yaliyo mabichi bado, anayapeleka mlangoni siku hiyo hiyo. Fedha zinahesabiwa baadaye kati ya wauza maua wenyewe.

Mwaka 1910 wauza maua wa Marekani nao waliungana wakafanya vile vile kwa njia ya telegrafu. Baadaye walichagua kuwa alama yao Mercury, yule mpeleka habari mwenye mabawa miguuni wa hadithi za Waroma wa kale. Mwaka 1923 Waingereza wakawa na kundi lao. Mmoja wa walioleta wazo hilo Uingereza alikuwa mkulima wa maua wa Saffron Walden, nao ni mji mdogo. Mwaka 1927 makundi ya Ulaya yakapata umoja wao ulioitwa Fleurop, na mwaka 1946 umoja huo na makundi ya Marekani na Uingereza wakashikana mikono kwa jina la Interflora.

Sisi watu wa Kongo hatustaajabii njia hiyo. Kijana anafanya kazi Lubumbashi, mama yake yuko Kasongo. Anampigia simu ndugu au mwenye duka aliyeko kule: «Umpe mama sukari na chumvi, mimi nitakulipa.» Sukari haikusafiri, neno ndilo lililosafiri. Lakini njia hiyo inasimama juu ya nguzo moja tu, nayo ni uaminifu. Mwenye kulipa haoni kitu kilichotolewa. Mwenye kupokea hajui kilicholipwa. Mwenye duka anatoa leo, na malipo yake yatakuja kesho kutoka kwa mtu aliye mbali. Mmoja akidanganya, wote watatu wanaumia.

Na mji mdogo una faida yake. Mwenye duka wa huko anawajua watu. Anajua nyumba ya yule bibi hata kama barua ya maagizo imekosea namba ya mlango. Anajua kwamba mgonjwa amehamishwa hospitali, au kwamba msiba umeingia katika nyumba ile na maua ya furaha hayafai leo.

Ugomvi wa Anna

Siku ya akina mama ilienea upesi. Mwaka 1910 jimbo la West Virginia liliikubali, na tarehe 9 Mei 1914 Rais Woodrow Wilson aliitangaza kwa nchi nzima. Wauza maua walifurahi sana, na mwanzoni Anna alipatana nao. Lakini karnesheni nyeupe zilianza kuwa haba kila Mei, na bei ikapanda. Wauza maua wakafundisha desturi mpya: maua meupe kwa mama aliyekufa, mekundu kwa mama aliye hai, ili waweze kuuza ya kila rangi. Mwaka 1917 chama chao kilianza kutangaza neno lililojulikana duniani pote: useme kwa maua.

Hapo Anna aliona uchungu. Yeye alitaka watu waende nyumbani kwa mama zao, au waandike barua kwa mkono wao. Sasa aliona watu wananunua kadi iliyokwisha kuchapwa, wanalipia maua dukani, wanadhani wamemaliza wajibu wao. Alisema kwamba kadi kama hiyo yaonyesha uvivu tu wa kumwandikia yule aliyekutendea mema kuliko watu wote. Aliwashtaki watu, alipinga mikutano yao. Mwaka 1925, huko Philadelphia, alikwenda kuupinga mkutano wa akina mama wa askari waliokuwa wakiuza karnesheni ili kupata fedha za kazi yao, akakamatwa na polisi. Akatumia mali yake yote katika ugomvi huo. Mwishoni akataka hata siku yenyewe aliyoianzisha ifutwe.

Hakuolewa, wala hakuwa na mtoto wa kumletea ua. Alifariki tarehe 24 Novemba 1948 katika nyumba ya wagonjwa huko West Chester, hana kitu. Na wanaosimulia habari zake wanasema kwamba gharama za kumtunza, walau kwa sehemu, zililipwa na watu wa biashara ya maua na kadi, wale wale aliogombana nao.

Tuseme nini? Je, wauza maua walikuwa wabaya? Hapana. Pasipo wao maua hayangefika Grafton wala Saffron Walden. Mtu anayelima maua, anayeyafunga, anayeyabeba hata mlangoni, anastahili mshahara wake. Basi, je, Anna alikosa? Namna yake ilikuwa kali, na wale akina mama wa askari hawakustahili kupingwa hivyo. Lakini jambo alilolilinda lilikuwa kweli. Alikumbuka kwamba mwaka 1908 telegramu yake ilikwenda pamoja na maua. Aliona kwamba sasa maua yanakwenda peke yake, na neno linabaki nyuma.

Na leo je?

Siku hizi maua yenyewe hutoka mbali zaidi. Mengi yanayonunuliwa Ulaya yamelimwa Afrika, hasa Kenya, kando ya ziwa Naivasha. Wafanyakazi wanayakata, yanawekwa katika vyumba vya baridi, yanapelekwa kwa lori hata Nairobi, kisha kwa ndege hata Uholanzi, kwenye soko kubwa la mnada la Aalsmeer. Baridi isipokatika njiani, waridi la Naivasha laweza kuwekwa mezani katika mji mdogo wa Ulaya baada ya siku chache tu. Mama anayelipokea hajui mkono uliolikata, na aliyelikata hajui jina la mama.

Tena wameingia watu wa katikati ambao hawana duka wala ua hata moja. Wanapokea agizo na fedha, wanakata sehemu yao, kisha wanampa mwenye duka wa mji mdogo kazi kwa kile kilichobaki. Ndiyo maana mara nyingine fungu linalofika ni dogo kuliko lile la picha, na mama anamshukuru mtoto kwa sauti ya chini. Afadhali mwenye kutuma atafute jina la duka lililo katika mji wenyewe, aseme nao kwa simu, awaambie mama ni mtu wa namna gani na anapenda rangi gani. Hivyo fedha yake yote inageuka kuwa maua, na mwenye duka anafanya kazi kwa moyo.

Na neno lisisahauliwe. Fungu la maua lina karatasi yake ndogo. Usimwachie mgeni akuandikie «heri njema» tu. Sema jambo moja ambalo wewe na mama yako peke yenu mnalijua: jina alilokuita utotoni, au ule usiku aliokesha nawe ulipokuwa na homa. Baada ya juma moja maua yatatupwa. Karatasi ile itafichwa katika kitabu cha sala au chini ya mto, naye mama ataisoma tena siku nyumba inapokuwa kimya.