Chupa ya viputo (mfumo wa hidrojeni wa gari)

Chupa ya viputo ni chombo cha maji kinachofungwa kati ya seli ya elektrolisisi na njia ya hewa ya injini. Gesi ya hidrojeni na oksijeni kutoka kwenye seli huingia kwa mpira unaofika karibu na kitako, hupanda kwa viputo, kisha hutokea juu. Maji huiosha matone ya potasiamu hidroksidi yanayotoka kwenye seli na, kubwa zaidi, huzuia moto usirudi kwenye seli. Wanaojitengenezea chupa hii hutumia kasha la chujio la maji. Chupa ya kioo haifai kabisa: hidrojeni na oksijeni zikilipuka, vipande hujeruhi. Maji yakishuka chini ya mdomo wa mpira, kinga imekwisha. Umeme wa seli hutoka kwenye altaneta inayozungushwa na injini hiyohiyo. Kwa hiyo mfumo huu hauongezi nishati.