Mambo ya Kuzingatia Unaponunua Nyumba Mpya Marangu

Anayenunua nyumba mpya Marangu, Wilaya ya Moshi, hununua pia haki ya kutumia ardhi iliyobeba nyumba hiyo. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni vihamba vya koo. Hivyo, ukuta mpya si uthibitisho wa umiliki.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aone hati na kibali cha ujenzi. Ardhi iliyosajiliwa hufanyiwa upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ya kijiji huhitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, kwa mujibu wa Sheria Na. 5 ya 1999. Aidha, Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia kuuza nyumba ya wanandoa bila ridhaa ya mwenza.

Kwa kuwa eneo ni la mteremko, msingi na mifereji vikaguliwe wakati wa masika.