"Je, Imo?": Historia Fupi ya Swali Moja la PHP

Miongoni mwa maswali ambayo programu za seva huuliza kila siku, hili linaonekana dogo: je, thamani hii imo katika safu? Lakini ndilo linaloamua kama mtumiaji yumo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia. Katika insha hii naeleza kwamba jibu la PHP kwa swali hilo limetokana na historia ya lugha yenyewe.

Rasmus Lerdorf alitoa PHP kwa umma mwaka 1995, ikiwa zana ya kutengenezea kurasa za wavuti. Data ya fomu hufika kwenye seva kama maandishi. Hata umri wa miaka 20 hufika kama "20". Ili kumpunguzia mwandishi wa programu kazi, lugha iligeuza aina za thamani yenyewe, hivyo "20" ikahesabiwa sawa na 20. Amri ya in_array, iliyokuja na PHP 4 mwaka 2000, ilirithi ulegevu huo.

Urithi huo ulikuwa na gharama. Neno lisiloanza na tarakimu lilipolinganishwa na namba, liligeuzwa kuwa 0. Kwa hiyo, ukitafuta 0 katika safu yenye "mhariri" na "msimamizi", ulijibiwa kwamba imo! Mlango ukafunguliwa kwa asiyestahili. Kinga ilikuwepo: kuongeza true kama kigezo cha tatu, ili thamani na aina vyote vilingane. Hata hivyo kigezo hicho ni cha hiari, na jambo la hiari husahaulika.

PHP 8, iliyotoka Novemba 2020, ilibadili kanuni: neno lisilo namba likilinganishwa na namba, namba ndiyo hugeuzwa kuwa maandishi. Tangu hapo 0 hailingani na "mhariri". Lakini ulegevu haujaisha, kwani ukitafuta true katika safu ileile bila kigezo cha tatu, bado utajibiwa kwamba imo.

Kwa maoni yangu, tunapaswa kuandika kigezo cha tatu kila mara. Tukifanya hivyo, "20" ya fomu haitalingana tena na 20, na itatubidi tuigeuze wenyewe kwanza. Kazi ambayo lugha ilitupunguzia mwaka 1995 inaturudia, na ni heri ifanywe na mtu anayejua anachotafuta.