Chanjo ya Wazee na Vifua vya Wachimbaji

Katika nchi nyingi tajiri, mtu akitimiza miaka 65 akiwa mzima wa afya, hana kisukari wala shinikizo la damu, bado huitwa kuchanjwa. Hupewa kinga ya mafua makali kila mwaka, na kinga ya nimonia, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita kichomi. Uingereza ilianza kuwapa wazee wote chanjo hiyo ya nimonia mwaka 2003, kwanza wenye miaka 80 na zaidi, na kufikia mwaka 2005 ikawafikia wenye 65. Marekani ilishusha umri hadi 50 mwaka 2024. Sababu yake haifichiki: kinga ya mwili huzeeka pamoja na mwenyewe, hata kama mwenyewe bado analima shamba lake bila msaada. Ninapofundisha historia ya vibarua wahamaji kusini mwa Afrika, hulazimika kurudi kwenye sindano hii, maana ilipimwa kwanza kwenye miili yao.

Mwanzoni mwa karne ya 20, migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, kando ya Johannesburg, ilihitaji mikono mingi kwa ujira mdogo. Vijana waliletwa kutoka Msumbiji, kutoka Nyasaland ambayo leo ni Malawi, na kwingineko kaskazini. Walilazwa katika kampaundi zilizosongamana, wakashuka chini penye joto na vumbi, kisha wakapanda juu wakiwa wamelowa jasho na kukutana na baridi ya alfajiri. Nimonia iliwafyeka. Mwaka 1911 wenye migodi walimwalika Almroth Wright, daktari mashuhuri wa London, naye akawachanja kwa makumi ya maelfu. Hawakusukumwa na huruma. Kibarua aliyesafirishwa kwa gharama na kufa kabla ya mkataba kwisha alikuwa hasara daftarini.

Chanjo ya Wright haikuzuia vifo kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1913 serikali ilipiga marufuku kuajiri watu waliotoka kaskazini ya latitudo 22 kusini. Mwaka huohuo William Gorgas, Mmarekani aliyepambana na homa ya manjano kwenye mfereji wa Panama, alifika Rand na kushauri kwamba wachimbaji wapewe nafasi kubwa zaidi ya kulala. Msomaji wa leo aone kwamba dawa mbili zilikuwa mezani, sindano na nyumba, na kwamba nyumba ndiyo iliyokuwa ghali. Katika miaka ya 1930 katazo liliondolewa, na watu wa kaskazini wakaanza tena kupelekwa migodini.

Penisilini ilipopatikana, wengi waliona nimonia imekwisha. Robert Austrian, daktari wa Philadelphia, alionyesha kwamba wagonjwa waliendelea kufa hata walipopewa dawa hiyo mapema. Katika miaka ya 1970 alipotaka kuithibitisha chanjo mpya, alirudi kulekule, kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, wakati utawala wa ubaguzi wa rangi ukiwa katika kilele chake. Wachimbaji wapya waliugua nimonia kwa wingi kiasi kwamba jibu lingepatikana haraka. Lilipatikana: chanjo iliwakinga. Mwaka 1977 Marekani iliidhinisha chanjo ya aina 14 za bakteria, na mwaka 1983 ikafuata ya aina 23. Ushahidi ulitoka kwa vijana wenye nguvu wa Kiafrika. Waliokuja kufaidika zaidi ni wazee wa nchi za mbali. Wataalamu walibishana kwa miaka mingi kama kinachomkinga kijana humkinga na mzee vilevile, hadi utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015, wenye washiriki takriban 85,000 wa miaka 65 na zaidi, ulipoonyesha kwamba chanjo ya kizazi kipya huwafaa wazee pia.

Kwetu Tanzania, mpango wa taifa wa chanjo ulioanza mwaka 1975 uliwekwa kwa ajili ya mtoto na mama mjamzito, na umeokoa maisha mengi mno. Chanjo ya nimonia iliingia katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2013. Miaka kumi kabla ya hapo tulikuwa tumeandika Sera ya Taifa ya Wazee, na hospitali zetu zikaja kuwa na dirisha la wazee. Dirisha hilo humngoja mzee augue. Ilikuwa mwaka 2021 tu, wakati wa chanjo ya UVIKO-19, ambapo kutimiza miaka 50 kulitajwa waziwazi kuwa sababu ya mtu kutangulizwa.

Mtumishi wa wizara ana hoja nzito mkononi: bajeti ni finyu, bado wapo watoto ambao hawajafikiwa, na mtoto akichanjwa nimonia huacha kumwambukiza babu yake. Naikubali. Lakini huo ni uamuzi, na uamuzi huandikwa, hujadiliwa bungeni na kupewa tarehe ya kupitiwa upya. Nisichokikubali ni ukimya unaojifanya kuwa uamuzi.

Tena si kila chanjo ya wazee ni ya bei ya Ulaya. Ya pepopunda imo tayari katika jokofu la zahanati, ikiwangoja wajawazito. Bibi aliyezaa baada ya mpango kuanza huenda aliipata kliniki. Mume wake, aliyezaliwa kabla ya mwaka 1975 na asiyewahi kuwa na kadi ya kliniki, huenda hajaipata hata mara moja, naye ndiye ashikaye jembe na samadi kila msimu.