Kamera ya bei kubwa: ununue, na uikatie bima?

Mpiga picha wa harusi na mahafali kijijini halazimiki kuanza na kamera mpya. Canon EOS 5D Mark II iliyotoka mwaka 2008 ina megapikseli 21, na picha zake bado zinafaa kusafishwa kwa ukubwa wa kutundika ukutani. Fedha ni afadhali iende kwenye lenzi. Lenzi za EF, zilizoanza mwaka 1987, zinaingia kwenye kamera hiyo, na kwa adapta zinatumika hata kwenye EOS R za sasa.

Bima je? Jiulize: kamera ikiibwa leo, utaweza kununua nyingine kabla ya harusi inayofuata? Ukiweza, jiwekee akiba tu. Usipoweza, au umeinunua kwa mkopo, kata bima. Ila mwambie wakala waziwazi kuwa ni ya biashara, kwani bima ya vitu vya nyumbani mara nyingi hailipi kifaa cha kazi. Uliza pia kuhusu wizi ndani ya gari lililoachwa bila mtu, na kiasi cha hasara utakachobeba mwenyewe. Ukungu wa lenzi na uchakavu kwa kawaida havilipwi. Kwa Tanzania, hakikisha wakala ana leseni ya TIRA. Risiti na namba iliyoandikwa kwenye kamera zipige picha kwa simu, umtumie ndugu azitunze.